Umfuate Songea, ila subiri Januari

Mama Baraka, mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkwe wangu amehamishwa kutoka kambi ya Lugalo kwenda Songea, anatakiwa kuripoti mwisho wa mwezi huu, nawe unauliza ufunge virago umfuate na watoto au ubaki Dar na kazi yako. Nakujibu kama mtu aliyelitumikia jeshi bila kuvaa gwanda: mfuate, lakini mwache atangulie.

Baraka yuko darasa la nne na upimaji wa taifa ni Oktoba. Ukimng'oa leo utashinda ofisi za shule ukihangaikia namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, naye akafanye mtihani katikati ya watoto asiowajua hata majina. Wewe nawe ni mwalimu wa serikali. Omba sasa hivi kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, uhamisho wa kumfuata mwenza, usingoje. Enzi zetu mke wa askari aliacha kazi tu, akafika kambini kukaanga maandazi.

Safari ya Nachingwea najua unaikumbuka kwa raha, maana daraja la Mkapa lilikuwa bado na kukwama kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, kwenu watoto ilikuwa michezo. (Kabati langu la mninga, kwa taarifa yako, lilifika na miguu mitatu. Lako uza.) Ila Tabora, tulikohamia baadaye, huisemi. Kule madaftari yako yalikaa ndani ya begi muda wote. Unatoa moja, unaandika, unalirudisha, unafunga zipu. Wageni wakakusifu unadhifu. Mwalimu wako ndiye aliyeniita kuniambia unakaa peke yako dawati la nyuma na huchezi na mtu. Nilipokuuliza mbona huna rafiki, ukanijibu, "Si tutahama tena?" Ulikuwa na miaka tisa tu, mwanangu!

Kilichokufungua ni barua za rafiki yako wa Nachingwea. Ulipoona hajakusahau, ukaanza kuzungumza na mtoto wa jirani. Kwa hiyo Baraka aambiwe leo, na ninyi wawili, kabla hajasikia kwa watoto wa kwota. Namba za wazazi wa rafiki zake ziandike mapema.

Kubaki Dar moja kwa moja siungi mkono. Nimewaona kina mama waliobaki kwa ajili ya shule nzuri. Baba anakuja likizo, mtoto anamwamkia na kukimbilia chumbani. Halafu kumbuka ipo siku atapelekwa kulinda amani, Kongo au Afrika ya Kati, na huko hutamfuata hata ukitaka. Utengano wa lazima unatosha, usijiongezee wa hiari.

Songea kuna baridi, watoto watafutie masweta. Nipigie Jumapili jioni, mkwe wangu akiwepo. Baba yako ana maneno naye kuhusu hiyo nyumba ya kambini, akaikague mwenyewe kabla hamjapakia lori.

Mama yako