Uhalisia au uliberali? Majibu kwa wasomaji wanne

Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza hapa Dodoma. Nadharia hizi mbili za mahusiano ya kimataifa, uhalisia na uliberali, zinaachana wapi hasa?

Marahaba. Anza na wanapokubaliana: juu ya dola hakuna serikali. Ukiibiwa ng'ombe utakwenda polisi; nchi ikimegewa ardhi haina polisi wa kumkimbilia. Mwanauhalisia anasema basi kila dola itegemee nguvu zake, na jirani akinunua vifaru, hata vya kujilinda, wewe hulali. Mliberali anaamini dola zinaweza kufungamana kwa biashara, mikataba na taasisi hadi vita viwe hasara kwa kila upande. Hasemi kwamba watu ni malaika. Hilo husingiziwa tu.

Vita vya Kagera vinampa nani ushindi?

Swali tamu hili. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka kuingia Tanzania, naye akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwepo tangu 1963. Ukaleta usuluhishi, Nyerere akataka mvamizi alaaniwe kwanza. Hakulaaniwa. Alipolihutubia taifa, Mwalimu alitaja sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Huo "uwezo" ndio uhalisia wenyewe. Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Mliberali atakuambia utazame nyuma kidogo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, na mwaka uliofuata bunduki zikalia. Ila mimi hapo simfuati. Tangu Amin apindue serikali mwaka 1971 Nyerere alikataa kuketi naye, na wakuu watatu wa Jumuiya hawakukutana tena. Uhasama ndio ulioiua Jumuiya.

Usimvike mwanauhalisia taji mapema, lakini. Amin aliivamia nchi ambayo hakuwa na ubavu wa kuishinda, huku jeshi lake mwenyewe likiasi. Anayehesabu vifaru tu hawezi kueleza hilo. Lazima uchungulie ndani ya nyumba, uone ni utawala wa namna gani. Na huko mliberali ndiko aliko nyumbani, tangu mwanafalsafa Kant alipoandika juu ya amani ya kudumu mwaka 1795.

Biashara huzuia vita, ndiyo au hapana?

Huvipandisha bei. Uingereza na Ujerumani zilikuwa wateja wakubwa, kila moja kwa mwenzake, na 1914 zikapigana.

Niko Bukavu. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kufufuliwa, mwaka 2022, vita havikukoma. Uliberali umetusaidia nini sisi?

Pole sana, ndugu yangu. Mpaka sasa, kidogo mno. Jumuiya ilipeleka jeshi la kikanda mwishoni mwa 2022. Kinshasa haikuridhika nalo, likaondoka Desemba 2023. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, mwezi uliofuata wakafika kwenu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia, Kigali inakanusha, na nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya moja.

Mliberali angejibu kwamba kutia saini si kufungamana, na kwamba mafungamano huchukua miaka. Darasani ningempa alama kwa jibu hilo. Kukuandikia wewe, uliyelala chini ya kitanda risasi zikipita, naona haya.