Baharini hakuna mtandao: simu inajuaje tulipo?

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi hapa Mafia. Tukishaiacha Kilindoni nyuma, mtandao unakatika kabisa, na mara nyingi hata bando sina. Lakini nikifungua ramani kwenye simu, ile nukta ya buluu bado inakwenda pamoja nasi. Vijana wangu wanasema simu inatuma ishara kwenye setilaiti na kuna watu wanatuona tulipo. Ni kweli? Na kwa nini siku nyingine inakaa dakika nyingi kabla ya kupata mahali tulipo?

JIBU: Nahodha, vijana wako wamepatia nusu. Setilaiti zipo, ila simu haizipelekei neno hata moja. Inasikiliza tu. Mimi ni mpima ardhi, na vifaa ninavyotumia kuweka mipaka ya viwanja vinasikiliza setilaiti hizohizo unazozisikiliza wewe huko majini.

Chukulia umetia nanga alfajiri mbele ya mji wenye misikiti mitatu, na waadhini wamepatana kuanza katika sekunde ileile. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ikiwa saa yako ni sahihi na adhana ya msikiti mmoja imekufikia baada ya sekunde 2, msikiti huo uko mita 680 kutoka ulipo. Pima hivyo kwa yote mitatu, kisha chora kwenye karatasi, utajua boti imesimama wapi. Muadhini hana habari kama wewe upo.

Setilaiti za GPS, yaani mfumo wa kutambua mahali ambao simu yako inausikiliza, ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mfumo umepangwa uwe na angalau 24. Kila moja hutangaza bila kukoma mambo mawili: saa hizi ni saa ngapi, na yenyewe iko wapi. Tangazo hilo huja kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na kukufikia kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Kwa hiyo ukikosea muda kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea umbali kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomi, ambazo ni sahihi kupita kiasi. Simu yako haina saa ya namna hiyo, basi husikiliza setilaiti ya nne ili kukokotoa kosa la saa yake yenyewe. Tatu za mahali, ya nne ya saa.

Sasa nikueleze jambo ambalo hunishangaza hadi leo, miaka yote hii ya kazi. Saa iliyoko huko juu haiendi sawa na iliyoko hapa chini, hata kama zimetengenezwa na fundi mmoja siku moja. Mwanafizikia Albert Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba saa iliyo kwenye mwendo huenda polepole, na mwaka 1915 akakamilisha nadharia yake ya uvutano, ambayo kwayo saa iliyo mbali na uvutano wa dunia huenda haraka. Setilaiti ya GPS hukimbia karibu kilomita 4 kila sekunde, na kwa mwendo huo saa yake huchelewa sehemu 7 za milioni ya sekunde kwa siku. Lakini kwa kuwa iko mbali na dunia, hutangulia sehemu 45. Ukitoa 7 kwenye 45 unabaki na 38. Ni kidogo mno kwa masikio yetu, lakini kwa kasi ya mwanga ni kosa la zaidi ya kilomita 11 katika kipimo cha umbali, kwa siku moja tu, na kesho linaongezeka.

Mwaka 1977 Wamarekani waliporusha setilaiti ya majaribio iitwayo NTS-2, walikuwapo wahandisi walioona shaka kama marekebisho hayo yanahitajika kweli. Wakaweka kifaa cha kurekebisha ndani yake, wakakiacha kimezimwa. Kwa siku 20 hivi walitazama saa ikitangulia, na kiasi ilichotangulia kikakaribiana sana na hesabu za Einstein. Kifaa kikawashwa. Tangu hapo saa za GPS hupunguzwa mwendo kidogo kabla ya kurushwa, ili zikifika juu ziende sawa na za chini. Kila nukta ya buluu unayoiona, hesabu hiyo imo ndani yake.

Kuhusu kuchelewa: simu haiwezi kupiga hesabu kabla haijajua setilaiti ziko wapi. Taarifa hizo hushuka kwa biti 50 kwa sekunde (biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa), mwendo wa kobe. Taarifa za setilaiti moja huchukua sekunde 30, na ukikatika katikati inabidi kungoja zirudiwe. Orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Nchi kavu huoni hayo kwa sababu simu huzivuta taarifa zote kwa mtandao mara moja. Basi kabla hujang'oa nanga, ukiwa bado na mtandao, fungua ramani ufukweni, penye mbingu wazi, ungoje nukta itulie. Pakua na ramani ya eneo lenu, maana mtandao ukikatika picha ya ramani ndiyo inayopotea, si mahali. Na usiitegemee ramani hiyo kwa miamba na vina vya maji.

Lililobaki ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Kwa kuwa simu inasikiliza tu, mkiwa nje ya mtandao hakuna mtu anayewaona. Injini ikizima nyuma ya kisiwa, nukta ya buluu mnaijua ninyi peke yenu. Wafundishe vijana kusoma zile namba mbili za latitudo na longitudo, na kuzitamka kwenye redio ya VHF kama mnayo, au kuzituma kwa ujumbe mara mnapopata hata kijistari kimoja cha mtandao. Na mkiweza kuchanga pesa, nunueni kile kifaa cha dharura kinachorusha ishara ya hatari kwa masafa ya megahezi 406. Hicho ndicho kinachozungumza na setilaiti kweli, na setilaiti zake hupeleka habari kwa waokoaji. Kisajilini kwa jina la boti na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, ili ishara ikilia wajue wanamtafuta nani.