Kiwanja hakina chenji

Mwanzoni mwa 2017 nilinunua kiwanja Chanika kwa shilingi milioni nne na nusu. Zilikuwa hela za sare. Novemba mpaka Januari sisi mafundi cherehani hatulali, na msimu ule nilipata tenda ya shule mbili, nikachanganya na mgao wa vicoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila mtu alinipongeza. Ardhi haiozi, waliniambia. Huku kwetu Temeke ukishika milioni tu, swali ni moja: umeshanunua kiwanja?

Miaka mitatu baadaye mume wangu alianguka na pikipiki, akavunjika mguu. Zikatakiwa laki nane ndani ya wiki. Mwenzenu nina mali ya milioni nne na nusu, lakini kiwanja hakina chenji. Hukimegi cha laki nane ukabaki na kingine. Nikampigia dalali. Mteja wa kwanza akasema ni mbali. Wa pili alitaka majirani wote waje serikali ya mtaa kuthibitisha mipaka, na jirani mmoja alikuwa Songea. Wa tatu alinitazama usoni tu akajua nina shida, akataja milioni mbili na laki sita. Nilimfukuza.

Kisha nikaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Laki nane, rejesho laki moja na elfu kumi kila Ijumaa kwa wiki kumi, mashine yangu ya ovaloki ikiwa dhamana. Ulikuwa mwezi wa pili. Fundi yeyote atakwambia mwezi wa pili ulivyo: sare zimeisha, sherehe bado, watu wanaleta suruali za kupunguza kiuno tu. Ijumaa ya tano sikuwa na kitu, na vijana wakaja na kirikuu kuibeba ovaloki. Niliomba siku mbili, nikamtafuta yule mteja wa tatu. Safari hii alitoa milioni mbili na laki saba, na dalali akakata asilimia kumi yake.

Kiwanja sikilaumu. Angekinunua mtu mwenye akiba pembeni, leo angekuwa anacheka. Mimi niliuliza kitapanda bei kiasi gani, sikuuliza hela hii nitaihitaji lini. Tangu siku ile, mtu akija dukani kuniuliza aweke wapi pesa zake, swali langu la kwanza ni hilo la lini.

Hela unayoweza kuihitaji wiki ijayo, mimi naiweka UTT, taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, ukitaka hela yako unauza hata vya elfu hamsini, na malipo yanakuja ndani ya siku tatu za kazi. Utajiri hautaupata huko, lakini hela inakua kidogo kidogo, bora kuliko kukaa kwenye simu, ambako kila ukifungua unaona salio na salio linakuona. Nilijiwekea lengo la gharama za nyumbani za miezi mitatu. Ilinichukua misimu miwili ya sare kulifikia, na sikugusa wazo jingine lolote la uwekezaji kabla ya hapo.

Vicoba sijaacha. Vicoba ni mtaji: unakopa mara tatu ya hisa zako, riba inarudi kwenu wenyewe, na wenzako wanaijua kazi yako. Ila hisa zako zimefungwa mpaka mzunguko uishe, kwa hiyo usiite akiba ya dharura. Sanduku la kwetu lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wasioelewana sana, jambo ambalo naliona ni ulinzi tosha. Ulizeni pia usajili, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vinatakiwa visajiliwe. Sisi tulisuasua, kisa katibu.

Hela ambayo hata nyumba ikiungua hutaigusa, hiyo ni habari nyingine. Mwaka 2022 nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 25, ya milioni mbili, yaani naikopesha serikali nayo inanilipa riba. Nilikuwa nadhani ni mambo ya mabenki na wakubwa, kumbe kima cha chini ni milioni moja na benki yako ya kawaida inaweza kukuombea kwenye mnada wa Benki Kuu. Riba yake ni asilimia 12.56 kwa mwaka, nusu nusu kila baada ya miezi sita. Kwangu ni 125,600. Hiyo nimeipangia ada. Ukikwama unaweza kuiuza kwenye Soko la Hisa, lakini elewa: riba za hatifungani mpya zikipanda, yako ya zamani inashuka bei. Tunarudi palepale kwa mteja wa tatu.

Hisa nazo ndiyo hivyo hivyo. Benki ya CRDB waliuza hisa zao kwa shilingi 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye bei ilikuwa chini ya hapo. Baada ya hapo ikapanda mno. Aliyelazimika kuuza kwa ajili ya ada na aliyeweza kusubiri walinunua kitu kilekile siku ileile.

Wale wa kupanda mbegu na kuvuna mara mbili sitawajadili sana. Walioona DECI, ule mchezo wa upatu, ilivyofungwa 2009 wanajua. Sasa wanakuja kwa WhatsApp na picha za magari.

Nimeulizwa kama bado nataka kiwanja. Nataka, tena sana, na naanza kukidunduliza. Dalali wangu wa Chanika bado ananipigia kila sikukuu, "mama, kuna kimoja kizuri, mwenye nacho ana shida." Huwa namwambia ampe huyo mwenye nacho namba yangu kwanza, tuongee.

Mwezi wa pili mwaka huu mota ya ovaloki iliungua. Jumatatu niliuza vipande vya laki mbili na nusu, Alhamisi mchana hela ikaingia, Ijumaa nilikuwa nashona.