Trekta umenunua, kadi ya usajili bado ina jina la mwenye zamani

Ndugu yangu wa Ubaruku, pole. Umelipa, trekta linalima, ila muuzaji anasema jina mtabadilisha baada ya mavuno. Usikubali. Mimi nilisubiri hivyo hivyo kule Igurusi, muuzaji akafariki, nikaanza kumfuata msimamizi wa mirathi.

Dai kadi halisi, siyo kopi. Kadi isiyoonekana huenda imewekwa rehani kwa mkopo. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, ukisugua tope kwanza. Kisha mkataba kwa wakili, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vyenu wote wawili, mwende pamoja TRA (Mamlaka ya Mapato) Mbeya kubadilisha jina. Namba zikipishana, nenda polisi kabla hujalipa hata shilingi nyingine.