Ukianza kuifikiria hisabati ya viumbe wa sayari nyingine

Wengi mnaoingia kwenye mada hii mnaanzia kwenye vidole: sisi tunavyo kumi, wao labda sita, basi watahesabu kwa sita-sita. Hapo msikae sana. Wababeli walihesabu kwa sitini, lakini bamba lao la udongo, lenye zaidi ya miaka 3,500, linatoa kipeuo cha pili cha 2 kwa usahihi wa nafasi tano za desimali. Namna ya kuandika ilikuwa nyingine, jibu ni lilelile.

Swali lenye nyama ni kipi kiliwajia kwanza. Michael Atiyah, mwanahisabati wa Uingereza, aliwahi kutoa mfano wa akili iliyomo ndani ya kiumbe laini anayeelea peke yake kwenye vilindi vya bahari. Hana mawe ya kuhesabu. Anachohisi ni mwendo, joto na mgandamizo wa maji, vitu visivyokatika vipande. Huyo huenda akaijua kalkulasi, hisabati ya vitu vinavyobadilika bila kukatika, kabla ya 1, 2, 3. Mimi naongeza kwamba namba nzima zingeweza kumfikia kupitia mawimbi: wimbi lililofungiwa kati ya ncha mbili hujigawa vitumbo kimoja, viwili au vitatu, kamwe si viwili na robo. Kwake kuhesabu kungekuwa somo la waliobobea.

Jaribu zoezi hili. Mweke kiumbe kwenye tufe dogo. Atoke ncha ya kaskazini hadi ikweta, afuate ikweta kwa robo ya mzunguko, kisha arudi nchani. Pembetatu yake ina pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270. Sisi tuliokulia kwenye viwanja bapa tulisubiri hadi 1829 Lobachevsky, mwanahisabati wa Urusi, achapishe jiometri inayoikana kanuni ya Euclid, Mgiriki wa kale, kwamba kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Kwa mkazi wa tufe, mistari sambamba ndiyo ingekuwa uzushi.

Ila msivuke mpaka mkadai kwamba kwao 23 si namba tasa. Itakuwa tasa kokote. Ujumbe uliorushwa angani mwaka 1974 kutoka Arecibo, darubini ya redio iliyokuwa Puerto Rico, ulitegemea hilo: alama 1,679, yaani 23 mara 73 (zote mbili namba tasa), ili mpokeaji azipange safu kwa safu apate picha. Kuzidisha sina shaka nako. Shaka yangu iko kwenye picha. Mkisoma pendekezo lolote la ujumbe, andikeni pembeni kila hisi linayomdai mpokeaji. Kwa huu, ya kwanza ni macho.