Sio wote sungusungu: sisimizi wa nyumbani Arusha na namna ya kuwatambua

Swali

Shikamoo mtaalamu. Naishi nyumba ya kupanga Njiro, Arusha. Jikoni nina sisimizi wadogo mno, rangi ya njano. Nimepuliza dawa mara tatu tangu masika yaanze, na sasa wamefika mpaka chumbani kwa watoto na kwenye swichi za umeme. Uani kuna weusi wanaopanda mlimau huku wameinua mikia. Usiku naona weusi wengine, wakubwa, mmoja mmoja karibu na sinki. Na juzi mvua ilipokatika likaingia dude la kahawia lenye mabawa, nene kama soseji, likawa linajigonga kwenye taa. Mpiga dawa aliyekuja alisema wote hao ni sungusungu na akataka kupuliza nyumba nzima. Mama mkwe naye yuko Marangu, kila mvua zikianza siafu wanamwingilia banda la kuku. Je, hawa ni aina ngapi? Na ni kweli majivu yanazuia siafu?

Mama wawili, Njiro

Jibu

Marahaba, mama. Umetaja wadudu watano, mimi nahesabu wanne. Lile dude la soseji na siafu wa mama mkwe ni ukoo mmoja, nitakueleza. Na katika wote wanne sioni sungusungu hata mmoja.

Simlaumu sana huyo mpiga dawa kwa jina, maana majina yetu ya chungu, yaani sisimizi na ndugu zao, yanahama. Watu wengi wakiona mweusi anayeuma, basi ni sungusungu. Mimi jina hilo namwachia yule mweusi mkubwa anayetoka kwa msafara kwenda kuvamia mchwa, kisha anarudi kila mmoja na mzigo mdomoni. Ukiusumbua msafara wao unasikia kabisa sauti ya kukwaruza, na mwiba wao utaukumbuka wiki nzima. Ndio walioazimwa jina na jeshi la jadi la Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980. Wataalamu wanamwita Megaponera analis, chakula chake ni mchwa tu, na mwaka 2017 watafiti waliokuwa Ivory Coast walieleza jinsi anavyowabeba majeruhi wake kuwarudisha kiotani. Sukari yako haimhusu. Akipita uani kwako, mpishe, anakufanyia kazi ya bure.

Ninachomlaumu ni kutaka kupuliza kabla ya kuangalia. Kuangalia hakuhitaji maabara. Chukua kipande cha selotepu, mnase mmoja, mbandike kwenye karatasi nyeupe, weka punje ya mchele kando yake na umpige picha ya karibu kwa simu. Kuza picha, tazama kiuno. Chungu wote wana kiuno chembamba, ila wengine wana kinundu kimoja kati ya kifua na tumbo, wengine viwili. Hapo tayari umeshagawa ukoo. Kisha tazama kama kundi zima lina umbo moja au kuna wenye vichwa vikubwa katikati ya wadogo. Mwisho tazama mwendo: wanafuatana mstari, au kila mmoja anakimbia kivyake kama aliyepotelewa na nauli?

Sasa hao wa njano, maana ndio tatizo lako lenyewe. Mwili wa milimita mbili hivi, yaani punje ya ulezi, rangi ya njano mpaka hudhurungi nyepesi, vinundu viwili, wanafuata nyaya na kujificha ndani ya swichi: maelezo yako yananipeleka kwa sisimizi wa farao, Monomorium pharaonis. Huyu ameenea dunia nzima kwa kusafiri ndani ya mizigo, na hospitali zinamwogopa kuliko anavyoogopwa jikoni, kwa sababu hufuata hata bandeji zenye damu. Anakula sukari, anakula mafuta, anakula nyama.

Dawa yako haikushindwa kuua. Imeua sana, tena ndiyo iliyowaleta chumbani kwa watoto. Kiota chake kimoja kina malkia wengi, na malkia wake hawahitaji kuruka angani kutafuta dume. Mambo yote yanaishia kiotani. Kiota kikipata msukosuko, malkia mmoja au wawili na vibarua wachache wanabeba mayai na kwenda kuanzisha makazi mapya nyuma ya kigae kingine. Ulipuliza mara tatu, ukawagawa mara tatu. Hao unaowaona mstarini ni sehemu ndogo tu ya kundi. Malkia wenyewe wamo ndani ya ukuta na hawajui kama kuna aliyekufa.

Kwa hiyo chupa ya kupuliza iweke kabatini, kabisa. Tumia chambo, na chambo kiwe dhaifu. Maji ya uvuguvugu nusu kikombe (mililita 100), sukari vijiko viwili na nusu vya chai, unga wa asidi ya boriki robo kijiko cha chai. Koroga mpaka viyeyuke. Chovya pamba, iweke kwenye vifuniko vya chupa, na vifuniko uvibandike mahali ambapo mtoto hafiki: nyuma ya friji, juu ya kabati, pembeni ya njia yao. Watu hunikatalia hapa, wanataka waongeze boriki ili iue haraka. Ukiongeza wanaisusa, au kibarua anafia njiani kabla hajamlisha malkia, na kazi yote ni hiyo ya kumlisha malkia. Siku za mwanzo utaona wamejaa kwenye pamba kuliko ulivyowahi kuwaona. Usiwaguse. Badilisha pamba kila baada ya siku mbili tatu, na hesabu wiki, sio siku. Wakichoka na sukari (huwa wanachoka), changanya boriki kidogo sana na siagi ya karanga.

Boriki ni sumu, hata kama inaonekana kama unga wa kawaida. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda, usitumie kijiko hicho tena jikoni. Na ukinunua kiuatilifu chochote, soma kibandiko uone kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambao wako hapa hapa Ngaramtoni. Dawa iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na maandishi, hata kama jirani ameisifia, iache sokoni.

Kabla hujachanganya, hakikisha jambo moja kwenye ile picha. Kama kichwa ni cheusi na tumbo ni jeupe karibu kuona ndani, huyo sio wa farao, ni Tapinoma melanocephalum. Msugue kati ya vidole, atanuka kama nazi iliyooza. Chambo cha sukari kinamfaa vilevile, kwa hiyo ukikosea hapa hupati hasara. Hasara ungeipata kama wangekuwa wa kijivu cheusi, wenye miguu mirefu, wanaokimbia ovyo bila mstari. Hao, Paratrechina longicornis, mara nyingi kiota chao kiko nje, chini ya jiwe au chungu cha maua, na ungekaa ukitega jikoni huku chimbuko liko barazani.

Wa mlimau ni rahisi. Ukiona tumbo lina umbo la moyo na analipindua juu ya mgongo kama nge, huyo ni Crematogaster, nchi yetu imejaa ukoo huu. Ndio hao hao wanaoishi kwenye ile migunga inayopiga mluzi kwenye mbuga za udongo mweusi. Mmoja wao anaitwa Crematogaster sjostedti, kwa heshima ya Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyezunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 akikusanya wadudu. Kwenye mlimau wako hawali majani. Geuza jani, utakuta vidugamba au wadudu mafuta wamejipanga kwenye mshipa. Wananyonya utomvu, wanatoa maji matamu, na chungu wanawachunga kama ng'ombe na kuwafukuzia maadui. Ule weusi kama masizi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye huo utamu. Osha majani kwa maji ya sabuni, funga ukanda wa plastiki kwenye shina na upake grisi juu ya plastiki, sio kwenye gome lenyewe, kisha kata tawi lolote linalogusa bati au waya. Nimeona nyumba nyingi ambako chungu wa uani waliingia ndani kwa daraja la tawi moja tu.

Wakubwa wa usiku: kinundu kimoja, mgongo umepinda vizuri kama upinde, wanatembea kwa utulivu kuelekea maji na sukari. Hao ni Camponotus. Watu huogopa kwamba watakula milango. Hawali mbao, wanaingia kwenye mbao iliyokwisha kuoza au kwenye uwazi wa dari, basi. Hawana mwiba, ila wakibanwa wanang'ata na kurushia tindikali. Kama ni wachache karibu na sinki, kwanza tafuta bomba linalovuja na ubao uliolowa chini yake. Ukiona mirija ya udongo ikipanda ukutani, hapo ni mchwa, na mchwa ni habari nyingine kabisa, ana undugu na mende kuliko na chungu. Hana kiuno, vipapasio vyake vimenyooka kama shanga, na kumbikumbi wanaojaa taani mvua za kwanza ni mchwa wenye mabawa manne yanayolingana urefu. Chungu mwenye mabawa ana kiuno, vipapasio vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Hukuuliza, lakini angalia pia kama kuna vichuguu vidogo vya mchanga kati ya matofali ya pevingi. Ukikuta vibarua wadogo wa hudhurungi na, hapa na pale, mmoja mwenye kichwa kikubwa kupita mwili wake, huyo ni Pheidole megacephala. Ni mbabe. Akishika eneo anawafukuza au kuwaua chungu wengine wote, na kule Laikipia, Kenya, amewaua hao Crematogaster wa kwenye migunga kiasi kwamba tembo wanaivunja miti bila kuumwa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2024 ulionyesha kuwa miti ikipungua simba wanakosa pa kujificha, na kumkamata pundamilia kunakuwa kugumu. Nawaambia vijana ninaowafundisha kazi: mdudu wa milimita mbili amebadilisha chakula cha simba, halafu wewe unasema "ni sisimizi tu".

Haya, dude la soseji. Huyo ni dume la siafu. Ana urefu wa sentimita tatu hivi, ana macho makubwa na mabawa, hafanani hata kidogo na siafu tunayemjua, ambaye hana macho kabisa na hutembea kwa kunusa. Usione aibu kutomtambua: Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kitaalamu ya viumbe, alimpokea mwaka 1764 akamwandika katika kundi la nyigu. Hana mwiba. Amefuata taa tu. Mtoe kwa karatasi, zima taa ya nje, basi. Kuja kwake hakumaanishi kwamba siafu wanakuja Njiro kwako. Madume yanaruka mbali.

Kwa mama mkwe, majivu yanasaidia yakiwa makavu. Siafu hawapendi kupita kwenye unga laini mkavu, kwa hiyo mstari mpana kuzunguka banda unaweza kuwageuza. Yakilowa, na Marangu wakati wa masika yatalowa, hayana kazi. Mafuta ya taa namsihi asiyamwage, hasa bandani kwenye maranda na jikoni kwenye moto. Siafu hawajengi kiota kwenye banda la kuku. Wanapita wakiwinda, na mara nyingi kufikia kesho yake wameondoka, wamemaliza mende, viroboto na vitoto vya panya. Hatari ni kwa kiumbe asiyeweza kukimbia: kuku aliyefungiwa, vifaranga, mbuzi aliyefungwa kamba, mtoto mchanga aliyelazwa. Kwa hiyo akiona mstari wa kwanza kwenye migomba, hata kama ni saa nane usiku, asianze kupigana nao. Afungue banda kuku watoke, amfungue mbuzi, na yule kuku anayelalia mayai ambebe pamoja na kikapu chake mpaka ndani.