Ukiishiwa Maneno, Omba Hivyo Hivyo

Mtu aliyezidiwa na uchungu haombi vizuri, wala asijilazimishe. Ataambiwa piga magoti, shukuru kwa kila jambo, kiri ushindi. Hayo husemeka kirahisi ukiwa umelala ukaamka na afya. Siku daktari amekuita pembeni, shukrani za kulazimisha hukwama kooni.

Mume wangu alipolazwa, mimi niliyezoea kuongoza maombi kwenye nyumba za watu nilikosa hata pa kuanzia. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nafungua mdomo, naufunga. Kilichotoka mwishowe ni "Bwana, kwa nini?" halafu kilio. Mama mmoja aliyekuwa akiuguza mwanawe akasogea, akanishika mkono, asiseme neno. Nashukuru mpaka leo kwamba hakusema neno.

Nilichokishika wakati ule ni Zaburi. Ziko 150, na nyingi humo ni za malalamiko, ingawa tukikutana tunapenda zile za kupiga makofi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo. Ya 88 ndiyo iliyonishangaza zaidi: huyo aliyeiandika analia tangu mwanzo, na mstari wa mwisho unamwacha gizani. Hakuna "lakini nitamsifu." Na bado imewekwa humo humo katika kitabu cha sala, haikuondolewa. Basi nikajua naruhusiwa kulia mbele za Mungu bila kumalizia kwa tabasamu.

Jaribu hivi: chukua zaburi moja, isome kwa sauti, polepole, usiwe na haraka ya kuimaliza. Ukifika kwenye mstari unaokusemea, simama hapo. Urudie, hata jioni nzima. Kuna watakaokwambia kurudia ni upungufu wa imani, lakini kule Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba mara tatu, na Mathayo anaandika kwamba alisema maneno yale yale. Na kama hata sauti haitoki, yule mwanamke Hana katika Biblia aliomba kwa midomo tu, kwa uchungu mwingi, mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa. Mungu alimsikia.

Kuna jambo lingine ambalo sisi waombaji tunalipuuza: mwili. Nabii Eliya alipochoka alikaa chini ya mti nyikani, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate na maji kichwani pake. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu pale mlima Horebu yalikuja baadaye, baada ya mwendo wa siku 40. Kwa hiyo kama tangu jana hujaweka kitu tumboni, kula kwanza. Mfungo unaweza kusubiri. Na kama wewe nawe umeanza kutamani kufa, usibaki na hilo moyoni ukidhani maombi peke yake yanatosha; mwambie mtu leo hii, umwone na daktari. Kufanya hivyo si kumkana Mungu.

Wageni watakuja. Wengine watakuja na mahubiri, wakitafuta dhambi iliyokuletea balaa. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba mchana na usiku walipokaa naye chini kimya. Walianza kuharibu walipofungua midomo. Una haki ya kumwambia mtu, kwa heshima, "Ahsante, leo naomba tukae tu."

Ila usiwafukuze wote. Watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari ili wamshushe mbele ya Yesu, na Marko anasema Yesu aliiona imani *yao*. Yule mgonjwa hatuambiwi kama alitamka lolote. Chagua mtu mmoja asiye na maneno mengi, umpigie simu na umwambie wazi: "Mimi siwezi kuomba kwa sasa, niombee wewe." Mimi nilimpigia shangazi yangu. Aliuliza tu jina la wodi na saa za kuona wagonjwa, akasema, "Haya mwanangu, wewe lala. Zamu hii ni yangu."